Ngazi tano za kuingia kwa mama

Jamani naandika usiku huu huu maana mdogo wangu kanitumia picha za saiti ya nyumba ya mama kule Goba, Dar es Salaam, fundi kashamwaga jamvi na kesho anaanza kupandisha kuta, nikazikuza zile picha nikahesabu ngazi za barazani nikakuta tano. Na mama tangu apate kiharusi yuko kwenye kitimwendo. Ramani tulichora kabla hajaugua, hakuna aliyekumbuka kuirudia, hata mimi.

Na ndo kazi yangu hii. Huku Houston niko kwenye matengenezo ya apatimenti za ghorofa tatu zisizo na lifti, na mwanzoni nilikuwa nashangaa mbona nyumba za chini milango mipana, swichi unazifikia ukiwa umekaa, ukuta wa chooni ukiugonga unasikia kuna mbao ndani za kuja kufungia vyuma vya kushikia. Kumbe sheria ya makazi ya Marekani waliyoirekebisha 1988, jengo jipya lenye nyumba 4 au zaidi, kuanzia Machi 1991, likiwa na lifti kila nyumba lazima ipitike na kitimwendo, lisipokuwa na lifti ni za chini tu. Sasa mwenye mradi anapiga hesabu, lifti yenyewe ghali halafu akiiweka masharti yanapanda mpaka juu, basi anaishia ghorofa tatu za ngazi tupu. Zile nyumba za safu zenye ngazi ndani kwa ndani, kama hazina lifti, sheria haizigusi kabisa. Inaniuma nikiona familia yenye mzee inarudishwa kisa za chini zimejaa.

Kwetu Tanzania sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 inataka majengo ya umma yafikike, na mama anasema vituo vya mwendokasi anasukumwa vizuri tu mpaka ndani ya basi. Ila nyumba yako binafsi hakuna atakayekuja kukuuliza.

Nikakaa na kalamu. Ngazi tano ni kama sentimita 75, na kipimo cha huku kila sentimita moja ya kupanda unaipa 12 za urefu, kwa hiyo mteremko wa mita 9. Mdogo wangu akasema kiwanja kimeinuka nyuma, mlango wa jikoni una kingazi kimoja tu, mama si apite huko? Tukampigia. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Wanangu, nyumba yangu mwenyewe niingilie uani kila siku?"

Basi. Mita 9 tunazipitisha ubavuni upande wa fensi mpaka barazani. Mlango wa bafu ulichorwa futi mbili na nusu, ukitoa fremu kiti hakipiti, uwe futi tatu, na ufunguke kwa nje. Chumba chake kihamie upande huohuo. Nimemwambia mdogo wangu awe saiti saa kumi na mbili asubuhi, kabla fundi hajaanza kukoroga udongo.