Hilux yangu iliyoinuliwa ilivyoacha kuyumba

Niliinua Hilux inchi 2 kwa ajili ya matope ya Sengerema. Kwenye lami ya kwenda Magu, upepo wa ziwa ukiipiga ubavuni, ilitangatanga, na usukani haukurudi wenyewe baada ya kona.

Wengi hapa Mwanza hukimbilia springi ngumu. Mimi nilianza na kasta, yaani ule mlalo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu la mbele hukatia kona. Ndio unaorudisha usukani katikati, na gari likiinuliwa hupungua. Bolti za marekebisho za kiwandani zilifika mwisho kabla kasta haijatosha. Dawa ikawa amu za juu (mikono ya chuma inayoshika gurudumu la mbele kwa juu) zinazosogeza boljointi, yaani kiungo chao cha mpira wa chuma, nyuma kidogo, kisha alaimenti, yaani kupanga upya pembe za magurudumu. Hapo ndipo pesa iende kwanza!

Shokapu za nyuma zilikuwa fupi: gurudumu likishuka shimoni, zinafika mwisho na kugonga. Nikafunga ndefu zaidi. Springi za mzigo mzito nilizikataa, kwani mara nyingi naendesha gari bila mzigo, nazo hurusha mkia.

Fundi alikagua mipira ya breki isivutike. Springi zilipotulia, nilirudia alaimenti.