Watoto watatu, siti tatu za watoto: nilivyochagua gari letu

Tulikuwa na Toyota IST, gari nzuri haina shida, mafuta kidogo, spea kila kona ya Dar. Siti mbili za watoto zilikuwa zinakaa nyuma vizuri tu. Sasa mimba ya tatu ilipofika miezi mitano nikamwambia baba watoto hapa tuanze kutafuta gari mapema, maana mtoto akishazaliwa hamna mtu atakuwa na akili ya kuzunguka kwenye yadi. Yeye akasema tuchukue Toyota Wish, ina siti saba, mambo yameisha. Na ukiuliza watu kumi watano watakujibu hivyohivyo, Wish, siti saba. Nimeandika hii kwa sababu kuhesabu siti ndo kitu kinachopoteza watu, na hela yenyewe ya gari sio ya kuchezea.

Wa kwanza wetu ana miaka mitano, anakaa kwenye busta yenye mgongo, kile kiti cha kumwinua mtoto ili mkanda wa gari umkae vizuri. Wa pili alikuwa anakaribia mitatu, yuko kwenye siti inayoangalia mbele yenye mikanda yake mwenyewe. Na kichanga anatakiwa akae kwenye siti inayoangalia nyuma, na hiyo haiwekwi mbele kwenye gari yenye eabegi (ule mfuko wa hewa wa ajali) inayofanya kazi, ikilipuka inapiga mgongo wa siti na kichwa cha mtoto kipo palepale. Kwa hiyo mbele hapahesabiki, wote watatu ni nyuma.

Kwanza nilichukua tepu ya fundi cherehani nikapima siti zenyewe. Siti nyingi za watoto sehemu pana kabisa zinacheza kwenye sentimita 44 hivi. Tatu ni 132. Nikaenda kupima kiti cha nyuma cha IST, sio kutoka kioo hadi kioo, pale chini makalio yanapokaa, haikufika 130. Na hata ingefika bado kuna habari ya kufunga mkanda, maana siti zikibanana mkono haupiti kwenda kwenye kile kifungio cha mkanda pale chini. Mimi nilikuwa napima kwa mkono wangu kabisa, naweka siti, naingiza mkono katikati, kama nashindwa kufunga mkanda wa busta bila kuondoa siti ya jirani yake basi hiyo gari imefeli. Mtoto wa miaka mitano anataka ajifunge mwenyewe, akishindwa kwa wiki moja tu mtaanza kumwacha bila mkanda, nawajua watu na haraka za asubuhi.

Kuna hii habari ya ISOFIX pia. Ni vile vyuma viwili vilivyojificha pale kiti cha gari kinapokutana na mgongo wake, siti ya mtoto inachomekwa moja kwa moja bila mkanda. Japan waliifanya lazima kwa magari mapya kuanzia 2012, ila zilizotoka nyuma ya hapo nyingi nazo unazikuta navyo, ingiza vidole uviguse, usikubali kuambiwa tu "ipo". Ni kitu kizuri sana kwa siti moja au mbili. Ila kama unataka kupanga siti tatu mstari mmoja jua kwamba vile vyuma vimewekwa sentimita 28 kutoka kimoja hadi kingine na havisogei, siti ikishachomeka imekaa hapohapo, huwezi kuisukuma pembeni hata kidogo umpe wa katikati nafasi. Kwa mkanda unaweza kusogeza sogeza. Kwa hiyo usidharau mkanda, siti iliyofungwa kwa mkanda vizuri ikabana ni salama, cha msingi ni ibane.

Na angalia mkanda wa katikati. Magari mengi ya zamani ya Japan katikati kuna mkanda wa kiunoni tu, ule wa kuvuka tumbo. Busta haikai kwenye mkanda wa kiunoni, busta inahitaji mkanda unaovuka kifua na bega, la sivyo gari ikipiga breki mtoto anajikunja kama kisu cha kukunja na mkanda unamkata tumboni. Hii mtu wa yadi hatakwambia kwa sababu na yeye hajui.

Basi tukaanza kuzunguka Kinondoni na Mwenge, kila tunapoenda na siti zote tatu kwenye buti la IST. Watu walikuwa wanatushangaa. Kwenye yadi moja kijana akaniambia, "Mama, hii Wish inabeba saba bila wasiwasi, watoto watatu ni nini?" Nikamwambia sawa kaka, naomba niweke siti zangu. Nikaweka siti mbili mstari wa kati, halafu nikamwambia haya mpeleke mtoto wangu mkubwa kule nyuma kabisa. Akashika kile kitasa akunje kiti cha kati ili mtoto apite, kiti hakikunjiki, kina siti ya mtoto juu yake. Akajaribu upande wa pili, kuna siti nyingine. Akaniangalia. Nikamwambia ndo hapo kaka.

Hilo ndo jambo lenyewe. Wish, Isis na Sienta za Toyota, ndogo zile nyingi unazozikuta, mstari wa kati ni benchi, yaani kiti kirefu kisicho na njia katikati, kwenda nyuma lazima ukunje kiti cha kati, na kiti chenye siti ya mtoto hakikunjwi. Siti saba zipo kwenye karatasi ila kwako wewe mwenye vichanga zile mbili za nyuma hazifikiki, labda mtoto apitie kwenye buti. Kwa hiyo swali langu kwa kila gari likawa moja tu, je kila mtoto anaingia na kutoka bila siti ya mwenzake kuguswa?

Isis niliipenda kwa milango, ya nyuma ni ya kusukuma yote miwili na upande wa kushoto hamna nguzo katikati, ukifungua ni kama sebule. Na milango ya kusukuma kwa mwenye watoto mimi sitarudi nyuma tena, unapaki sokoni umebanwa na gari la mtu, mlango wa kawaida unafunguka nusu na wewe umebeba kichanga unatakiwa uinamishe na umzungushe kumfunga, mgongo unaisha. Ila Isis ile ya yadini ilikuwa benchi. Ikatoka.

Tukaja kwenye Toyota Noah. Hapa kuwa makini maana Noah zipo za siti nane na za siti saba na watu wanaona nane ni bora kuliko saba. Kwa mwenye siti za watoto saba ndo bora! Ya nane mstari wa kati ni benchi. Ya saba mstari wa kati ni viti viwili vimeachana, katikati kuna kanjia, mtu anapita hadi nyuma bila kugusa kitu. Kichanga kiti cha kushoto upande wa mlango wa kushukia, maana sisi tunaendesha kushoto na mlango huo ndo unafungukia pembeni ya barabara, wa pili kiti cha kulia, mkubwa anapita katikati anaenda nyuma anakaa kwenye busta yake anajifunga. Viti vya nyuma kwenye Noah vinakunjwa kwenda juu pembeni, kila upande kivyake, kwa hiyo upande mmoja unakunja unaweka kigari cha mtoto na mabegi, upande mwingine anakaa mtoto. Na mama mkwe akija anakaa mbele, akitaka kumwangalia mjukuu kanjia kapo.

Nissan Serena nayo tuliijaribu, ina ujanja wake, kile kiti cha katikati cha mstari wa pili kinasogea mbele hadi kati ya dereva na abiria kinaacha njia, kwa hiyo ya siti nane inaweza kufanya kazi kama ya saba. Kama umeipata nzuri chukua. Sisi fundi wetu anaijua Noah zaidi, tukabaki hapo.

Toyota Alphard kila mtu anaitaka, na mimi niliitaka. Ila kwenye kuagiza injini inaongea. Kwenye ushuru wa bidhaa gari yenye ukubwa wa injini kuanzia zaidi ya cc 1000 hadi cc 2000 ni asilimia 5, ikizidi cc 2000 ni asilimia 10, na Alphard ya lita 2.4 ina cc 2362 wakati Noah ya lita 2.0 inaishia 1986. Ongeza na ule ushuru wa uchakavu kwa gari iliyozidi miaka 8 tangu itengenezwe, ikizidi miaka 10 ndo unapanda zaidi. Kabla hujapenda gari lolote kwenye picha ingia kwenye kikokotoo cha TRA, wale wa mapato, weka mwaka na injini uone jumla. Sisi kikokotoo ndo kilituamulia, tukaagiza Noah ya siti saba, na kabla ya kulipa nikamwomba muuzaji picha za mstari wa kati, kila kiti na mkanda wake, na picha ya vile vyuma vya ISOFIX. Alituma. Usione aibu kuomba.

Siti za watoto zenyewe nyingi hapa ni mtumba. Geuza uangalie ile stika ya rangi ya chungwa yenye herufi E kwenye duara, inaonyesha kiwango cha usalama, kuna R44 na mpya zaidi ni R129, isiyo na stika yoyote iache. Tarehe ya kutengenezwa mara nyingi imechorwa kwenye plastiki chini. Vuta mikanda yote, angalia kama kuna ufa, na kama muuzaji hajui imetoka wapi nunua busta ya mtumba ukitaka ila ya kichanga jikaze ununue mpya. Na kama siti ina mguu wa kushikia sakafuni, hakikisha chini yake hamna kale kaboksi ka kuwekea vitu, mguu unatakiwa ukanyage sakafu ngumu.

Kwa ambaye ana Wish tayari na hana mpango wa kubadili, usikate tamaa, panga siti zote tatu mstari wa kati. Tafuta busta nyembamba, zipo za sentimita 40 na kushuka, ziache zile zenye vishikio vya vikombe pande zote mbili. Kichanga weka katikati kama mkanda unaruhusu na ni mrefu wa kuzunguka siti, mkubwa weka upande ambao kifungio kinafikika kwa mkono wake, fanya yote hayo kabla ya safari siku ambayo huna haraka, na mtoto mwenyewe ajifunge na kujifungua mbele yako hadi aweze.