Kwenda Newala msimu wa ngoma

Ndugu zangu mnaouliza kuhusu kwenda kuona ngoma Newala, kule juu kwenye uwanda wa Makonde mkoani Mtwara, msimu ni Juni hadi Agosti, mavuno yameingia ndani na korosho bado. Ndipo jando na unyago vinapochezwa.

Kutoka Mtwara mjini, lami ni nzuri kilomita 50 hadi Mnivata. Mbele ya hapo, hadi Tandahimba na Newala, wekeni nafasi ya vumbi na matengenezo. Pandeni gari la asubuhi. La mchana likichelewa mtaingia usiku na vyumba vya wageni vimeshajaa. Bebeni sweta na maji ya kunywa. Maji kule juu ni shida ya miaka mingi, msimtwishe mwenyeji mzigo huo.

Ngoma ikichelewa kuanza, msinung'unike. Umande ukiingia kwenye ngozi, ngozi inalegea na mlio unakuwa mzito. Wapigaji huwasha nyasi kavu, wakaipasha ngozi huku wakiigonga kwa vidole hadi ilie kavu. Usiku wa manane watasimama kuipasha tena, na kwangu hapo ndipo penye utamu wenyewe.

Akitoka lipiko, yaani mchezaji wa kinyago cha Kimakonde, mtazameni mdomo wa kinyago: mchezaji anaonea hapo. Msiulize ni nani, wala msimfuate anakovalia, hiyo ni siri ya jando. Picha za uwanjani ombeni kwa wazee kwanza. Kwenye unyago wa ndani, kamera hapana kabisa.

Asubuhi nendeni Shimo la Mungu, kwenye ukingo wa uwanda, bonde la mto Ruvuma linaonekana chini.