Funguo Tisa za Mama

Kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, pikipiki tunaiita moto. Ukitaka kupanda, unasimama kando ya barabara unaita "Moto!", na moto inakuja. Ndiyo maana jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, kijana mmoja alipopita mbele ya parseli yetu ya Mabanga Sud akipiga kelele "Moto! Moto!", mimi niliendelea kula. Nilidhani amechelewa mahali. Mama ndiye aliyeacha tonge la bugali kwenye sahani, akatoka nje, akatazama upande wa kaskazini.

Msomaji asiye wa huku aelewe kwamba wekundu angani kwetu haukuwa habari. Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ulikuwa na ziwa la lava, mawe yaliyoyeyuka kwa moto, ndani ya shimo lake, na usiku mawingu ya juu ya mlima yaling'aa kama makala ya jikoni yanayopepewa. Watalii walilipa wapande kuuona. Sisi tuliuona bure, tukauzoea. Mji ulikuwa pia na rangi zake za tahadhari, kijani, njano, chungwa na nyekundu, lakini mimi tangu nijue kusoma nakumbuka njano tu. Njano ya miaka mingi haimwamshi mtu. Watu waliegemea nguzo ya kibao cha rangi hizo wakaongea na simu.

Mama alirudi ndani na maneno machache: "Haiko tena kule juu. Iko ubavuni."

Usiku ule hatukusikia king'ora wala simu zetu hazikupata ujumbe wowote. Umeme ulikatika, mtaa mzima ukamiminika barabarani, sisi tukafuata njia ya mpaka wa Rwanda. Lava ikasimama Buhene, mlangoni mwa mji, na Jumapili asubuhi tulikuwa nyumbani tena, miguu imevimba. Walikufa watu zaidi ya 30, na si wote waliuawa na lava. Wengine ni ajali za barabarani katika kule kukimbia. Mwaka uliofuata wanasayansi waliandika kwamba mlima ulipasuka ubavu karibu bila dalili, kwamba mashine zilinasa mitikisiko chini ya saa moja tu kabla. Hayo nayajua leo. Wakati ule Mama alikuwa na hesabu yake moja tu: hakuambiwa na mtu, alitazama mwenyewe, na macho yake hayakumdanganya.

Hesabu hiyo ndiyo iliyotutesa siku ya Alhamisi.

Siku tano zile ardhi haikutulia. Tulilala uani, juu ya mkeka, mimi na Mama na watoto wawili wa marehemu yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, Gloire na Josué. Kila tetemeko likija, mabati ya jirani yanalia kwanza, halafu mbwa, halafu watu. Barabarani nyufa zilikuwa zimefunguka. Gloire, mwenye miaka sita, alikuwa ameanza kuhesabu matetemeko kwa vifuniko vya soda, akaishiwa vifuniko, akaomba vya jirani.

Alfajiri ya tarehe 27, giza bado, nikaamshwa na redio ya Papa Riziki. Alikuwa ameiweka juu ya ukuta wa mawe meusi unaotenganisha parseli zetu na kuifungulia sauti yote. Gavana wa kijeshi, Luteni Jenerali Constant Ndima, ambaye alikuwa hajamaliza hata mwezi katika kiti hicho, alikuwa ametoa tangazo kwa Kifaransa. Vitongoji 10 kati ya 18 vya mji vihame mara moja. Akavitaja: Majengo, Mabanga Nord, Mabanga Sud. Jina letu likapita katikati ya mengine kama mwanafunzi anavyoitwa darasani. Mlipuko mwingine, nchi kavu au chini ya ziwa, hauwezi kukanushwa, na unaweza kuja kwa dalili chache sana au bila dalili kabisa. Tubebe kidogo. Tusirudi mpaka tuambiwe.

Mara ya kwanza maishani mwangu mtu mwenye cheo alikuwa ameuambia mji wetu jambo kabla halijatokea. Nilitegemea mbio, lakini watu walitoka tu milangoni wakatazamana. Kila mmoja alitaka kuona mwingine atafanya nini. Papa Riziki akaniuliza mimi kama ni kweli, yeye aliye na redio! Mama wa kuuza mandazi akapuliza jiko lake kama kawaida, akasema atajua ni kweli akiona wenye maduka wanashusha bidhaa. Wa duka naye, nilimsikia kwa masikio yangu, alikuwa akingoja kuona kama mama wa mandazi atakuja kununua unga.

Kisha zikaanza sauti za WhatsApp. Mtu asiyejulikana, kwa Kiswahili kizuri kabisa cha Goma, alieleza kwamba lava imeingia chini ya mji na inaelekea ziwani, na ikifika pale, gesi iliyo chini ya ziwa hilo la Kivu itatoka yote kwa pamoja. Katika kila sauti ya namna hiyo kuna punje ya kweli, na hiyo punje ndiyo inayoifanya iende mbali. Ni kweli kwamba Kivu limebeba gesi nyingi sana katika vilindi vyake, hewa ya ukaa na methani. Ni kweli kwamba huko Kamerun, mwaka 1986, ziwa dogo la Nyos lilitoa gesi usiku mmoja likaua watu kama 1,700. Na sisi hatuhitaji kufundishwa na Kamerun, tuna mazuku. Kila mtoto wa upande wa Mugunga anajua kuna mabonde madogo ambako hewa nzito inakaa chini bila rangi, mbuzi anaingia kula majani na hatoki.

Aliposikia neno mazuku Mama alinyamaza. Nikadhani yameisha. Akavuta kiti chake, akakaa mbele ya mashini yake ya kushona, mikono mapajani.

"Mama, gavana anasema tutoke."

"Anasema itatoka lini?"

"Anasema inaweza kutoka bila kuonyesha alama."

"Kwa hiyo hajui."

"Ndiyo, mama, lakini—"

"Mimi pia sijui. Basi tuko sawa na yeye. Siku ya posho ile, Jumamosi, nani alituambia?"

Ukimsikia hivi utadhani ni ukaidi wa mzee. Nilijua si hivyo. Tarehe 17 Januari 2002, mimi nikiwa na miaka minane, lava ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikashuka mpaka ziwani. Mama alinishika mkono mpaka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Tuliporudi, nyumba ilikuwa imesimama. Moto ulikuwa umepita upande mwingine. Ila mlango ulikuwa wazi, na pale penye mashini pamebaki kiti. Alishona kwa mkono miaka mitatu kabla hajapata nyingine. Kwa hiyo neno "tubebe kidogo" kwa Mama lilikuwa na bei, na bei yake aliijua.

Akaamua: mimi nichukue watoto, yeye abaki na mlango. Tukagombana. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake, na nikiyakumbuka leo nasikia aibu mpaka masikioni. Hakujibu. Akatia uzi kwenye sindano.

Saa moja asubuhi mtaa ukaamka kweli. Sijui ni nini kilichoukata ule mkwamo, labda ni familia ya mwanajeshi mmoja iliyopakia magodoro, kwa maana watu walisema, "Kama mke wa mwanajeshi anatoka, basi." Madereva wa pikipiki wakapandisha bei mara nne. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizozoea kubeba makala na viazi, zikabeba vibibi.

Ndipo Papa Riziki akapita kwetu, bidoni, dumu lake la maji, mkononi. Alikuwa amesikia kwamba Mama habaki peke yake kwa bahati mbaya, bali kwa kutaka.

"Mama, kwa kuwa wewe unabaki," akasema, akatoa ufunguo, akamwekea kiganjani kwa mikono miwili. "Utatuangalilia."

Mama akaupokea. Angefanya nini? Haukupita muda, mama wa mandazi akaja na wake, bado una unga. Halafu wa duka, yeye na funguo mbili, ya mbele na ya nyuma, na maelezo marefu kuhusu ile ya nyuma. Mwanafunzi mmoja mpangaji ambaye hatukuwahi hata kujua jina lake. Habari ilikwishaenea kwenye avenyu: kuna mama amebaki. Wengine hawakusema neno, waliweka tu ufunguo juu ya meza ya mashini, wakainama kidogo, wakaondoka, kama wanaotoa sadaka.

Mama akawa anazipanga mbele yake. Nilisimama mlangoni nikimtazama, Josué mgongoni. Ya tano alipoipokea alitabasamu. Ya saba hakutabasamu. Ya tisa ilipofika, mtaa ulikuwa umeingia ukimya nisiousikia Goma maishani mwangu, Goma ambako hata saa nane usiku mtu anagongelea bati. Akainua macho, akatazama huko nje, nyumba zote zile, makufuli yote yale.

"Wameenda wote?"

"Wote, mama."

"Nitaziangalia zote mimi?"

Likapita tetemeko, dogo, lisilostahili hata kifuniko cha soda. Funguo zikacheza juu ya meza. Akazikusanya zote, akazifunga fundo kwenye pembe ya kikwembe, akasimama, akaniambia nilete bisibisi.

Tulikifungua kichwa cha mashini kutoka kwenye meza yake. Ni chuma, ni kizito, na gavana alikuwa amesema tubebe kidogo. Mama alikiviringisha kwa blanketi la Gloire akakifunga mgongoni kama mtoto mchanga. Njiani wanawake wawili walimpisha kwa heshima, mmoja akamuuliza ana miezi mingapi.

Ya barabarani si mengi ya kusema. Yalikuwa marefu tu. Toka Ndosho mpaka Mugunga unakanyaga nyayo za mtu wa mbele. Kilomita kama 25 mpaka Sake tulizimaliza usiku, tukalala kwenye sakafu ya darasa, familia sita.

Tulidhani ni siku mbili. Ruhusa ya kurudi ilikuja tarehe 7 Juni. Katika siku zile, mtandao ukishika, simu ya Mama haikupumzika. Watu wa Mabanga walikuwa wametawanyika, wengine Minova, wengine Bukavu kwa meli, wengine Gisenyi, na wote walimpigia simu mtu mmoja. Siku ya kwanza nilimsikia akipokea, tuko ndani ya darasa, mtoto wa watu analia pembeni.

"Alo? Nyumba iko. Kufuli iko palepale. Nimepita sasa hivi."

Nilimkodolea macho. Akakata simu.

"Unamdanganya, mama."

"Nikimwambia niko Sake, kesho asubuhi yeye yuko Mabanga," akasema. "Unawajua?"

Niliwajua. Wanaume wengi walikuwa wanarudi mchana kinyemela kulinda milango, na ardhi bado ikitikisika. Sikuwa na jibu. Basi akaendelea, kila asubuhi na kila jioni, akatoa taarifa zake kwa sauti ya utulivu ambayo sijaisikia kwenye redio yoyote. Aliongeza na vitu vidogo vya kuaminisha. Mwenye duka aliambiwa kwamba mlango wa nyuma umekaguliwa. Mama wa mandazi aliambiwa kuna paka amezaa kwenye jiko lake; sikujua alimtoa wapi paka huyo.

Siku ya nne au ya tano tulikuwa kwenye foleni ya maji, mimi na yeye, bidoni mbili. Jua kali. Simu ikalia, akatazama jina, akapokea.

"Papa Riziki, habari ya huko? Ndiyo. Hata sasa niko hapa mlangoni kwako."

"Asante, mama, Mungu akubariki," ikasema simu.

"Asante, mama, Mungu akubariki," ikasema foleni, hatua kumi mbele yetu, mtu mwenye kofia aliyetupa mgongo, simu sikioni, bidoni ya njano miguuni.

Mama akavuta kikwembe juu ya kichwa. Mkono mwingine ukashika lile fundo, akalibana kwa nguvu, zisilie.