Kasa chini ya mlima: nilivyojifunza kuwekeza

Mwaka 2014 nilikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi karibu na Mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, kwenye mahekalu ya Kihindu. Mwenye duka, mzee wa Kigujarati mzaliwa wa mji huu, alikuwa akifungua daftari jipya la hesabu kila Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Nilimwona akichovya kidole katika unga mwekundu na kuandika juu ya ukurasa wa kwanza maneno mawili, Shubh na Labh, yaani heri na faida, na heri ndiyo iliyotangulia.

Wakati huo nilikuwa nimepata hasara iliyoniuma sana. Nilinunua hisa kwa shilingi 1,800,000, na ndani ya fedha hizo ilikuwamo ada ya mwanangu. Bei ikashuka, Januari ikafika, nikamwambia dalali aziuze zote, nikapata 1,260,000. Nilipomweleza mzee, alisema, "Mwanangu, ulisimamisha mlima bila kasa."

Nilipomwomba anifafanulie, alinisimulia jinsi miungu na asura, yaani majitu yaliyokuwa maadui wao, walivyoungana kuisukasuka bahari ya maziwa ili wapate amrita, kinywaji cha kutokufa. Mlima Mandara ulikuwa mti wao wa kusukasukia, nyoka Vasuki akawa kamba, nao wakavuta huku na huku. Mlima ukaanza kuzama kwa kuwa chini yake hapakuwa na kitu cha kuushikilia, mpaka mungu Vishnu alipojigeuza kasa, aitwaye Kurma, akaubeba mgongoni. Hata baada ya hapo kilichotangulia kutoka kilikuwa sumu, ambayo mungu Shiva aliinywa na kuizuia kooni hadi koo likawa la buluu. Lakshmi, mungu wa kike wa mali na neema, alitoka baadaye, na amrita ikaja mwisho, mikononi mwa Dhanvantari.

Mimi si Mhindu, lakini kisa hicho kilinigusa kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa kuhusu fedha. Wengi wanaokisimulia husifu subira ya waliovumilia sumu. Mimi naona subira hiyo isingewezekana kama mlima ungekuwa umekwisha kuzama, kwa maana mimi mwenyewe sikuuza hisa kwa woga. Niliziuza kwa sababu shule ilitaka ada.

Basi nikaanza na kasa. Nilifungua akaunti ya pekee, nikaweka humo matumizi ya nyumbani ya miezi sita pamoja na ada ya mwaka mzima, kazi iliyonichukua miezi 19, na katika muda huo sikununua hisa hata moja, ingawa wenzangu walikuwa wakinihimiza. Kisha nikaanza kununua vipande vya Mfuko wa Umoja, mfuko wa uwekezaji wa pamoja ulioanzishwa mwaka 2005, kwa shilingi 50,000 kila mwezi. Hisa nilizirudia baadaye kabisa.

Mwaka 2020 bei za hisa zangu zilishuka tena, na safari hii mke wangu ndiye aliyeniuliza kama tuuze. Nilimwonyesha salio la akaunti ile, tukalipa ada kutoka humo, hisa tukaziacha zilipo. Gawio la mwaka uliofuata nilianza kwa kulirudisha kwenye akaunti hiyo, kufidia tulichokuwa tumetoa.

Nami sasa nina daftari langu. Mstari wa kwanza wa kila ukurasa umeandikwa "Kasa", na kiasi chake hujazwa kabla ya kingine chochote.