Kutoka Uhasibu hadi Ufundi Umeme

Nilipoamua kuacha uhasibu katika kampuni binafsi jijini Dar es Salaam ili niwe fundi umeme, ndugu zangu waliniuliza kwanza habari za mshahara, ilhali mimi naamini swali linalostahili kutangulia ni la hifadhi ya jamii. Pensheni ya uzeeni ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, humtaka mwanachama awe amechangia angalau miezi 180, na kwa kuwa mfuko huo huwapokea pia waliojiajiri, niliendelea kuchangia mwenyewe. Vilevile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi haki ya kupewa cheti cha utumishi anapoondoka. Nawasihi wanaojiandaa kuacha kazi wasikiache nyuma.

Katika mafunzo ya VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, hesabu za mkondo na volti hazikunisumbua. Mikono ndiyo iliyonitaabisha. Kumenya waya bila kukata hata uzi mmoja wa shaba kunataka kisu kilegezwe mara tu plastiki inapoachia, na hilo halifundishiki ubaoni. Mwalimu wetu, kijana niliyemzidi umri kwa mbali, aliinama juu ya meza yangu na kusema, "Rudia, kaka," nami nikarudia.

Sasa ninafanya kazi chini ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, kwa kipato kidogo kuliko cha awali, na kila jioni ninaandika daftarini gharama za kazi zetu, maana mafundi wengi hodari hutoza bei isiyowatosha kwa kutojua kazi imewagharimu kiasi gani.