Ofisi yetu ndogo ya uwakili ilivyohamia mtandaoni bila sofwea ya bei mbaya

Mawakili wenzangu wakiniona koridoni mahakamani nafungua faili la kesi kwenye simu wananiuliza hiyo ni sofwea gani, wanategemea nitaje jina kubwa. Hamna jina kubwa jamani. Ni Google Workspace ya kulipia, ile ya daraja la chini, yaani barua pepe za ofisi na Drive ya kuhifadhia mafaili mtandaoni, pamoja na kalenda yake, basi.

Ofisi yetu ipo Mwanza, mawakili wawili na karani, kesi nyingi ni za ardhi na kazi, mirathi kidogo. Mwanzo tulijaribu programu za mawakili za nje, Clio na wenzake, na kiukweli ni nzuri ila zimetengenezwa kwa wakili anayechaji kwa saa, akipokea simu tu anabonyeza saa ianze kuhesabu halafu mwisho wa mwezi inatoka ankara. Sisi huku nani anachaji kwa saa? Mteja anakuja mnapatana, analipa kianzio, iliyobaki "nikivuna wakili", na risiti inatakiwa itoke kwenye mashine ya EFD ya TRA, mamlaka ya mapato, ambayo hizo programu hazina habari nayo. Kwa hiyo nusu ya unachokilipia kwa dola hukigusi.

Kilichotusukuma zaidi ni kwamba mahakama yenyewe ilishahamia huko. Kanuni za kufungua mashauri kwa njia ya kielektroniki zipo tangu 2018, Tangazo la Serikali (GN) namba 148, na sasa kuna e-CMS, mfumo wa mahakama wa kusimamia mashauri mtandaoni, unapandisha PDF, unapata kontroo namba, unalipa kwa simu. Na kanuni zinasema nyaraka ikiwasilishwa kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku inahesabika ni ya siku hiyo, ingawa mimi hiyo saa sita sitaki hata kuisikia maana mtandao una tabia zake. Sasa kama nyaraka lazima iwe PDF ili iingie mahakamani, kwa nini iishi kwenye flashi ya karani na kwenye kompyuta ya steshenari ya jirani?

Kazi ngumu haikuwa teknolojia, ilikuwa majina. Kila mtu alikuwa ana-sevu anavyojua, hati ya madai moja ina majina matatu, "plaint final", "plaint final mpya", "hii ndo yenyewe". Tukakubaliana kila kesi folda moja, jina la mteja kwanza kisha namba ya shauri, na ndani kila nyaraka inaanza na mwaka, mwezi, siku, mfano "2024-03-12 Majibu ya madai yaliyopokelewa". Ukianza na mwaka zinajipanga zenyewe kwa mfuatano, unasoma kesi kuanzia juu kushuka chini hata kama hukuwepo ilipofunguliwa. Karani wetu alilalamika wiki za mwanzo, "kaka hii kazi ya kuandika tarehe itanimaliza", leo ukikosea jina yeye ndo wa kwanza kukurudishia. Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui, PDF uliyoskani kwa herufi zinazosomeka, Drive inaweza kusoma maandishi ya ndani, kwa hiyo natafuta namba ya kiwanja na barua ya miaka ya nyuma inatokea.

Ila kama kuna kitu kimoja ningeambiwa nibaki nacho ningechagua kalenda. Wakili mdogo haogopi kushindwa kesi, anaogopa muda wa kisheria kupita. Hati ya wito ikiingia, siku hiyo hiyo karani anaweka siku 21 za kuleta majibu. Uamuzi wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, siku 45 za kwenda Mahakama Kuu. Tuzo ya CMA, yaani uamuzi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwenye migogoro ya kazi, wiki 6 kuanzia mteja alipoipokea. Mahakama ya Rufani ndo kuna mtego, notisi ya rufaa siku 30 tangu hukumu, halafu kumbukumbu ya rufaa, lile jalada lenye nyaraka zote za rufaa, siku 60 tangu notisi iwasilishwe, na ukitaka siku za kusubiri nakala za mwenendo zitolewe kwenye hesabu lazima barua ya kuomba nakala iwe iliandikwa ndani ya hizo 30 na mpinzani wako apelekewe nakala yake. Kwa hiyo kwetu hukumu ya Mahakama Kuu ikisomwa na mteja anataka kukata rufaa, kalenda inapokea vitu vitatu kwa pamoja: notisi, barua, na "barua ya mpinzani imegongwa muhuri?" Hicho cha tatu hakifutwi mpaka ile nakala yenye muhuri wa mapokezi iwe imeskaniwa ipo kwenye folda. Kila tarehe ya mwisho ina kengele wiki mbili kabla, wiki moja, na siku tatu, na inalia kwenye simu za wote, karani akiwemo.

Wateja hawajui kama kuna Drive na sio lazima wajue. Wao ni WhatsApp. Mama mmoja wa kesi ya kiwanja alikuwa anatuma risiti za malipo ya serikali ya mtaa usiku, picha moja moja, katikati ya salamu za asubuhi njema. Utaratibu wetu ni kwamba chochote cha mteja kikifika kwenye simu kinahamishiwa kwenye folda kabla ya kufunga ofisi na nakala halisi tunamwomba ailete, maana ukifika kwenye vielelezo mahakama itakuuliza nakala halisi iko wapi na picha ya WhatsApp haitakuokoa kirahisi. Hati miliki na mikataba halisi bado zinalala kwenye kabati la chuma.

Siri ya mteja ndo ilinipa mawazo. Akaunti zote ni za ofisi, hamna anayetumia jimeili yake binafsi, na kila moja ina uthibitisho wa hatua mbili. Kijana wa mafunzo akija anapewa folda za kesi anazofanyia kazi tu, akiondoka akaunti inafungwa siku hiyo hiyo, hata kama tumeagana kwa keki. Pia ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023 na ina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi, kwa hiyo kwenye mkataba wetu na mteja tumeongeza kipengele kinachosema wazi nyaraka zake zinahifadhiwa wapi, anasaini akiwa ameelewa.

Umeme na bando, hilo mnalijua. Folda za kesi za wiki husika tunaziweka zifunguke bila intaneti kwenye laptopu, zinajisawazisha mtandao ukirudi. Malipo ya mwezi tunalipa kwa kadi ya Visa ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye simu, unaweka hela ya kutosha tu, dola ikipanda unaongeza kidogo.

Mafaili ya zamani hatujayagusa yote. Yaliyofungwa tumeyaacha kwenye maboksi, tunaskani yale tu yenye rufaa au utekelezaji wa hukumu unaoendelea, na mteja wa zamani akirudi faili lake linaingia siku hiyo anayorudi.